Hogo Lenye Matundu: Kisa cha Cortex

Aliyewahi kufungwa hogo, ile plasta ngumu ya kuushikilia mfupa uliovunjika, anaijua kazi ya chelewa. Unachomoa njiti moja kwenye fagio, unaipenyeza taratibu kati ya ngozi na plasta, unapapasa mpaka upafikie panapowasha, huku sikio moja likisikiliza kama mama anakuja. Mimi niliuvunja mkono nikiwa darasa la nne, kwa kuanguka mwembeni kama ilivyo ada, na nikiulizwa leo sikumbuki maumivu. Hayo yalipoa siku za mwanzo. Nakumbuka muwasho, jasho la Februari, na harufu iliyomfanya mdogo wangu ahame kitanda akalale mkekani.

Kwa hiyo mwaka 2013, picha za kifaa kiitwacho Cortex zilipoanza kuzunguka mitandaoni, nilizitazama kwa jicho la mtu anayedai fidia. Mkono wa mtu umevikwa wavu mgumu wa nailoni, uliochapwa kwa printa ya 3D ili uwe hogo lake. Matundu makubwa hapa, madogo pale. Ngozi inaonekana, hewa inapita, maji yanapita, na kifaa chenyewe ni chembamba kiasi kwamba shati la mikono mirefu linavalika juu yake. Chelewa haina kazi tena, kidole kinatosha.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Ukiingia leo chumba cha plasta cha hospitali utakuta ndoo ya maji, pamba, bendeji za P.O.P. (plasta ya kufungia mifupa) na mtu mwenye mikono myeupe hadi viwikoni. Wala si kwetu tu. Huko kwenye nchi zenye printa nyingi nako plasta na faibaglasi ndizo zinazofunga mifupa ya watu kila siku. Wazo la Cortex halikuwa la kitoto na teknolojia yake haikuwa ndoto. Sasa wazo hilo lilikwama wapi?

Mbunifu naye alivunjika

Aliyeibuni ni Jake Evill, ambaye wakati huo ndiyo kwanza anatoka kusomea ubunifu Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand. Naye aliuvunja mkono, akafungwa, akakereka. Malalamiko yake ni yale yale yangu ya mwembeni, ila yeye alikuwa na kompyuta: mtu abebeshwe kilo mbili za kitu kinachowasha na kunuka, katika karne hii?

Akautazama mfupa wenyewe. Mfupa si jiwe tupu. Chini ya gamba gumu la nje kuna vijiti vidogo vya mfupa vilivyosukana kama sega la nyuki, vikisongamana zaidi pale uzito unapoelemea. Mwili, kwa maneno mengine, ulikwisha jua namna ya kuwa imara bila kuwa mzito, na Evill akalitoa jawabu hilo nje ya ngozi. (Jina alilochagua, Cortex, ni la lile gamba la nje, ingawa wazo limetoka kwa vile vijiti vya ndani. Haidhuru.)

Utaratibu aliopendekeza ni huu. Mgonjwa anapigwa eksirei ijulikane mfupa umevunjika wapi. Mkono unapimwa kwa skana ya 3D, umbo lake linaingia kwenye kompyuta. Programu inachora wavu unaoufuata mkono ule na si mwingine, ikiyasonganisha matundu karibu na mvunjiko na kuyaachia kadiri unavyokwenda mbali nao. Faili linakwenda kwenye printa. Kinachotoka kina unene wa milimita 3 hivi na uzito usiofika gramu 500, kina uwazi upande mmoja wa kuingizia mkono, na vifungo vyake vimechapwa pamoja nacho. Kikishafungwa hakifunguki hadi siku ya kupona, kikatwe kwa msumeno kama hogo jingine lolote. Na kwa kuwa ni nailoni, kinaweza kurejelezwa.

Evill aliionyesha kama dhana. Walioisambaza waliisoma kama bidhaa, na hapo ndipo matarajio yalipoanza kuitangulia kazi. Lakini sitaki kuwasukumia waandishi lawama zote. Ndani ya dhana yenyewe mlikuwa na jambo ambalo mtu aliyefungwa hogo halioni, na aliyefunga mahogo elfu halihitaji kuelezwa.

Dakika zile kabla ya kuganda

Mgonjwa hulifahamu hogo likiwa tayari gumu. Kwake ni nguo mbovu aliyovalishwa kwa wiki sita, na mbunifu akiletewa nguo mbovu atashona nzuri zaidi. Kwa mfungaji, hogo ni zile dakika chache ambamo bado ni tope.

Bendeji ya namna hii ilianzia kwa Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwaka 1851. Kabla yake plasta ilimiminwa kama zege, ikafanya mguu wa askari kuwa kinyago kizito. Mathijsen alichukua vitambaa vya pamba, akavisugua unga mkavu wa plasta, akavilowesha pale tu anapovifunga. Unga wenyewe ni jasi, ile inayochimbwa Makanya wilayani Same na kupelekwa viwanda vya saruji, na ile inayopamba dari za nyumba mpya mijini kwa jina la jipsam. Ukiichoma kwa joto lisilofika hata nyuzi 200, inapoteza robo tatu ya maji yaliyofungika ndani yake. Ukiurudishia unga huo maji, unayanywa kwa pupa, unapata joto, unaganda. Lile joto unalolisikia mkononi plasta ikishafungwa si homa, ni jasi inarudi kuwa jiwe.

Katika dakika hizo za kuganda ndimo kazi inamofanyika. Chukua mvunjiko wa kawaida kuliko yote, wa kigasha karibu na kifundo cha mkono, mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja. Daktari ameshauvuta mfupa ukarudi mahali pake. Ukiachiwa hivi hivi utateleza tena. Kwa hiyo bendeji ikiwa bado imelowa, anaubana mkono kwa viganja vyake sehemu tatu: mbili upande mmoja, moja upande wa pili katikati yake. Upande mmoja wa mfupa, ule utando unaoufunika kwa kawaida haujachanika. Ukibanwa vizuri unafanya kazi ya bawaba, na vipande vinakaa vikiwa vimekazana. Anashikilia hivyo mpaka plasta ikaze. Ukilitazama hogo lililofungwa sawasawa kwenye eksirei utaona limepinda kidogo. Madaktari wa mifupa wana usemi wao wa zamani kwamba plasta iliyopinda ndiyo hunyoosha mfupa.

Sasa ilete skana. Inapima mkono upi? Ukipima kabla mfupa haujavutwa, unachapa hogo la mkono uliopinda. Ukipima baada ya kuvutwa, nani anaushikilia usiteleze tangu skana ilipomaliza hadi kifaa kitoke kwenye printa? Kuna ujanja wa kuupima ule mkono wa pili usiovunjika, kisha kompyuta ikaugeuza kama kwenye kioo. Ni ujanja mzuri, na watu wanautumia, lakini unakupa mkono jinsi ulivyokuwa kabla ya kuanguka. Umbo sahihi la mkono si sawa na nguvu ya viganja. Printa inatoa ganda linaloukaa mkono kama glavu, na glavu haibani popote zaidi ya pengine. Mbunifu anaweza, ndiyo, kuingiza mbano kwa makusudi kwenye faili, asogeze ukuta milimita mbili ndani hapa, tatu pale. Ila atasogeza kwa kukisia, wakati kiganja kinauhisi mfupa ukirudi.

Halafu kuna uvimbe, ambao picha zile za kupendeza hazikuuonyesha kabisa. Mkono uliovunjika leo si mkono wa kesho kutwa. Siku mbili tatu za mwanzo unavimba, na hogo la mzunguko kamili lililokaza linaweza kuwa tanzi: vidole vinakufa ganzi, maumivu yanazidi badala ya kupungua, misuli ya ndani inakosa damu, na saa chache zinatosha kuacha ulemavu wa kudumu. Ndiyo sababu hospitali nyingi huanza na nusu hogo, bamba la plasta upande mmoja lililozungushiwa bendeji laini, hogo kamili likangoja uvimbe upungue. Uvimbe ukipungua, hogo nalo linalegea, mfupa unapata nafasi ya kuteleza. Eksirei inarudiwa baada ya wiki moja hivi, na pengine hogo linabadilishwa. Kwa plasta, kubadilisha ni bendeji mbili tatu na ndoo ya maji. Kwa Cortex ni skana upya, faili jipya, uchapaji mwingine, na ganda zuri la zamani linabaki bila mkono wa kuvaa.

Saa tatu

Evill mwenyewe alitoa hesabu ya muda, na kwa uaminifu: kuchapa kifaa kimoja kulichukua saa 3 hivi, wakati plasta inafungwa kwa dakika 3 hadi 9. Kisha akaongeza kwamba plasta inahitaji saa 24 hadi 72 ili ikauke kabisa, na watu wengi wakaona mizani imekaa sawa.

Haikukaa sawa. Saa 72 za plasta unazikamilishia nyumbani kwako, hogo likiwa mkononi, limeshaganda na linaushika mfupa; linachohitaji ni usilielemee wala kulilowesha. Saa 3 za printa unazimaliza ukiwa huna kitu. Na ni saa 3 za uchapaji peke yake. Mtu wa kulisafisha faili la skana hakuhesabiwa. Printa za poda, zinazounganisha unga wa nailoni kwa joto, nazo zina tabia ya kutaka kupoa taratibu kwa saa nyingi kabla hazijafunguliwa, la sivyo kitu kinakunjamana. Tuachilie mbali umeme kukatika tabaka likiwa la mia nane.

Matokeo yake, mgonjwa wa Cortex lazima afungwe kitu kwanza, na kitu hicho ni nusu hogo la plasta. Jambo hili linabadilisha kisa chote. Kifaa kilicholetwa kuiondoa plasta kinakuja juu ya plasta. Hakipunguzi takataka ya kwanza, kinaongeza ya pili.

Kijani kwa hesabu ipi?

Sifa ya urafiki na mazingira ilipachikwa kwenye Cortex kwa hoja fupi: plasta inatupwa, nailoni inarejelezeka. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maneno matamu yanapouzwa zaidi.

Plasta ina makosa yake. Jasi ikizikwa dampo moja na maganda ya ndizi na mabaki ya ugali, mahali pasipoingia hewa, bakteria hupata salfa ya kutosha na kutoa gesi ya yai viza, ambayo ikizidi ni sumu. Lakini kuitengeneza hakuchomi nishati nyingi. Klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, inataka tanuri la nyuzi 1,450 hivi, jasi haifiki hata 200. Kitambaa chake ni pamba. Aliye hoi kimazingira ni faibaglasi, ile bendeji ya rangi rangi inayopendwa kwa wepesi wake: kitambaa cha kioo kilicholowekwa utomvu wa poliyurethani. Haiozi, na kwenye kichomea taka utomvu unaungua lakini kioo kinabaki.

Nailoni je? Inayotumika zaidi kwenye printa za poda ni nailoni 12, zao la petroli. Printa inatandaza poda tabaka kwa tabaka ndani ya chumba kilichopashwa joto hadi karibu ya kuyeyuka, leza inaunganisha chembe panapotakiwa, na poda isiyoguswa inakizunguka kifaa pande zote kama mchanga. Poda ile haijatumika, lakini imepikwa. Joto la saa nyingi limeichosha, haiwezi kurudi kazini peke yake. Huchanganywa na mpya, aghalabu nusu kwa nusu, na inayozidi hutupwa. Kwa hiyo yale matundu yanayolifanya hogo kuwa jepesi hayakupatikana bure. Nyenzo yake imebaki ndani ya printa, imechoka.

Na kurejelezeka ni jambo moja, kurejelezwa ni jingine. Waokota chupa wa Dar es Salaam wanajua kwa kugusa tu ni plastiki gani ina mnunuzi. Ganda moja la nailoni kutoka Temeke na jingine kutoka Mbagala, kila moja na jasho lake, halina mnunuzi. Likiwa na damu au usaha ndiyo kabisa, linaingia ndoo ya taka hatarishi na kuishia motoni pamoja na sindano.

Wapo wanaosema basi tutumie plastiki zitokanazo na mimea, na hapa kuna majina mawili ya kuyajua. La kwanza ni PLA, inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa, na ndiyo chakula cha kila siku cha printa ndogo za mezani. Huuzwa kwa sifa ya kuoza. Inaoza kweli, ila kwenye mtambo wa mboji wa kiwandani wenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba au baharini, wajukuu wako wataikuta. Tena joto hilo hilo la nyuzi 55 hadi 60 ndilo linaloanza kuilainisha. Gari lililoegeshwa juani Kariakoo adhuhuri, dashibodi yake inafika hapo bila shida. Mwenye hogo la PLA analoweza kulivua asilisahau juu ya dashibodi.

La pili ni nailoni 11, na hii nina mapenzi nayo kidogo, kwa sababu inatokana na mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika ule ule unaojiotea kando ya njia za reli na kwenye viwanja vya watu. Kwa biashara mbegu zake hulimwa zaidi India. Nailoni 11 ni imara, haikatiki ovyo ikipindwa, inachapika kwa poda vizuri, na kwa kazi ya kubana mkono ningeichagua mbele ya nailoni 12. Lakini kutoka kwenye mmea hakumaanishi kurudi kwenye udongo. Haiozi.

Kama kipimo ni kuoza, waunga mifupa wa vijijini walitushinda zamani: mabanzi ya mwanzi, kamba ya mgomba, majani, basi. Kazi ikiisha vinarudi shambani. Nao mabanzi yao yakikazwa siku ya kwanza juu ya uvimbe huleta balaa lile lile la tanzi nililolitaja, na hospitali zetu zimewakata watu mikono kwa sababu hiyo. Hewa inapita, nyenzo inaoza, na mkono unakufa.

Maji

Nisiwe kama mtu aliyekuja kuharibu shughuli. Cortex ilipatia jambo moja, na si dogo: maji. Hogo la plasta linakatazwa maji, na katazo hilo linaingia kila kona ya maisha, mtu anaoga mkono uko juu kama anayeomba ruhusa darasani. Mama mwenye hogo hafui, haoshi vyombo, hamwogeshi mtoto. Kwa Mwislamu kuna na udhu. Sheria inamruhusu kupangusa juu ya bandiko pale ambapo kuliondoa kunamdhuru. Sasa hogo ambalo maji yanaweza kuifikia ngozi kupitia matundu ni bandiko la namna gani? Nalipenda swali hilo kwa sababu halikuwamo kabisa kwenye fikra za Wellington, na ni la kwanza ambalo fundi wa Tanga au Lamu angeulizwa na mgonjwa wake.

Kuonekana kwa ngozi nako ni faida ya kitabibu hasa. Kidonda kilicho chini ya plasta hukijui mpaka kinuke. Chini ya wavu unakiona, unakisafisha. Tatizo ni kwamba wavu mgumu bila pamba unahitaji kukwepa nundu za mifupa, kama ile iliyo upande wa kidole kidogo kwenye kifundo cha mkono, la sivyo nundu inachubuka. Hapo skana inalipa gharama yake, maana inajua nundu iko wapi hadi milimita.

Waliofuata

Mwaka 2014 mbunifu wa Kituruki, Deniz Karasahin, alionyesha Osteoid, wavu kama wa Evill wenye nyongeza: kupitia matundu, kichwa cha kifaa cha mawimbi ya sauti kingeweza kugusa ngozi karibu na mvunjiko ili kuharakisha uponaji. Alipata tuzo, na picha zikazunguka tena. Mawimbi hayo yalikuwa tayari yakitumika hospitalini kwa imani ile ile. Kisha mwaka 2016 jarida la tiba la BMJ likachapisha jaribio la wagonjwa 501 waliovunjika muundi: waliopata mawimbi halisi na waliopata ya bandia walipona sawasawa. Mwaka uliofuata mwongozo katika jarida hilo hilo ulishauri kwa nguvu yasitumike. Sehemu ya Osteoid iliyopigiwa debe zaidi ndiyo iliyoanguka kwanza.

Kampuni zilizobaki kazini zilichagua njia ya unyenyekevu. ActivArmor ya Pueblo, Colorado, na Xkelet ya Girona, Hispania, hupima mkono kwa kamera, huchapa, na humvika mgonjwa ambaye mara nyingi ameshavuka siku za uvimbe, au ambaye mfupa wake haukuhama tangu mwanzo, au aliyefanyiwa upasuaji na mfupa tayari umeshikwa kwa chuma ndani. Kwa hao kazi ya kuubana mfupa imekwisha fanywa na kitu kingine. Wanahitaji ngao. Ngao ndiyo printa inaiweza.

Lakini hata huko kwenye ngao kuna aliyewahi kufika na jibu rahisi zaidi. Watoto huvunjika kifundo cha mkono kwa namna ambayo mfupa haukatiki, unabonyea tu kama kopo la bati. Ukitafuta mgonjwa anayefaa kwa hogo la kuchapa, huyu ndiye: mfupa hauhami, uvimbe ni mdogo, na mtoto hataki kukatazwa kuogelea. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya jaribio la Uingereza, watoto 965 katika hospitali 23. Nusu walifungwa kitu kigumu. Nusu walipewa bendeji laini, wakaambiwa waende nyumbani, wasirudi bila sababu. Maumivu siku ya tatu yalikuwa sawa, na uponaji wa baadaye haukutofautiana. Hakuna nailoni inayoshindana na hogo ambalo halikufungwa.

Kisubi

Nimesema plasta haikuondoka mikononi mwa wagonjwa. Kuna mahali ilianza kupungua, na ni karibu nasi. Hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi, kando ya njia ya Entebbe nchini Uganda, ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu kuchapa soketi za miguu ya bandia kwa watoto, pamoja na wadau wa Kanada. Soketi ni kile kikombe kinachoingiwa na kigutu.

Kwa njia ya kawaida soketi huzaliwa kwenye plasta, na plasta nyingi. Fundi anakizungushia kigutu bendeji zilizolowa apate kalibu, anaijaza plasta nyingine apate sanamu ya kigutu, anaichonga kwa tupa siku nzima, huku akipunguza na kule akiongeza, anavuta plastiki ya moto juu yake, kisha sanamu inavunjwa na kutupwa. Kilo kadhaa za jasi kwa mguu mmoja, na mtoto anakua; mwakani zinarudiwa.

Weka skana hapo uone. Kigutu kimepona, hakivimbi kesho. Hakuna mfupa wa kushikilia. Mtoto anaweza kungoja hadi keshokutwa bila kuumia, na umeme ukikatika usiku faili halipotei, printa inaanzishwa upya asubuhi. Fundi anapunguza na kuongeza kwenye kioo cha kompyuta pale pale ambapo angepitisha tupa, kwa ujuzi ule ule, na akikosea harudii sanamu nzima. Mwakani analifungua faili la mwaka jana, analipanua.